Lundo la Nyumba ya Vifaru

Siku yangu ya kwanza kazini nilisema uongo, na uongo huo ukanilisha miaka ishirini na saba. Msimamizi wa nyumba ya vifaru katika bustani ya wanyama, Mwingereza mrefu mwenye buti za mpira, alinitazama akaniuliza, "Umetoka Afrika. Vifaru unawajua?"

Nikamjibu, "Nawajua."

Mimi mzaliwa wa Makunduchi, na Unguja nzima haina kifaru hata mmoja. Nilichokijua ni ng'ombe wa gari. Lakini Mapinduzi yalikuwa yameshapita, nimeshafika London, nimepanga chumba Woolwich na mke wangu Mwanaidi ana mimba. Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Skuli nimesoma mpaka darasa la tatu. Anayetaka maneno ya kitaalamu akawatafute madaktari. Mimi nasema nilichokifanya kwa mikono yangu.

Tulikuwa na vifaru weusi wawili, dume na jike. Weusi kwa jina tu. Rangi yao ya jivu. Utamjua kwa mdomo wa juu, una ncha kama kidole, ndio anaochumia majani. Kwa hivyo kila asubuhi nilianza kwa kukata matawi, majani makavu yakafuata baadaye. Zamani hizo bustani za wanyama za Ulaya zililetewa vifaru kwa meli, wamekamatwa porini, na akifa mmoja hununuliwa mwengine. Kuzaa walizaa kwa nadra. Kisha kuwapata wa porini kukawa kugumu, na kila bustani ikatakiwa izalishe wake. Jike asiyezaa akahamishwa, akajaribiwe kwa dume wa pengine.

Kazi kubwa ilikuwa kuosha. Sakafu ya saruji, mpira wa maji, brashi na dawa, mara mbili kwa siku. Mimi niliosha mara tatu. Kwetu mavi yale ni najisi, sikuweza kuyaona yamelala nikayaacha. Msimamizi aliwaita watu waje kutazama sakafu inavyong'aa. Ungeweza kutandika mswala. Nyumbani sikuruhusiwa kupita mlango mpaka nivue nguo za kazi. "Mwanamme kavuka bahari kuja kumfagilia mnyama," Mwanaidi akisema, "na kwangu hajui ufagio uko wapi."

Jike akiwa tayari kupandwa hupiga mluzi na kukojoa kidogo kidogo. Tukiona hivyo tulifungua lango la kati, na kila mara ikawa vita. Dume akamkimbiza, jike akageuka na pembe, sisi tukapiga makelele na kuwamwagia maji mpaka watengane. Safari ya tatu jike akachanika ubavuni. Mkurugenzi alikuja mwenyewe, mikono mfukoni, akasema jike huyu hazai. Baridi ikimalizika atapelekwa Ujerumani, na kwa dume peke yake mtunzaji mmoja anatosha. Watunzaji tulikuwa wawili, na wa mwisho kuajiriwa nilikuwa mimi.

Baridi ile ile ikagandisha mabomba. Siku sita hatukuwa na maji ya kuoshea. Mavi niliyasukuma kwa sepetu mpaka pembeni, kila chumba na lundo lake, nami naona haya kama niliyevuliwa nguo. Fundi alipokuja kulitazama bomba la upande wa jike, tukawabadilisha vyumba. Jike alilifuata lundo la dume moja kwa moja. Akalinusa muda mrefu, akapekua kwa miguu ya nyuma, akanya juu yake, akatulia. Nikaenda kumtazama dume. Amesimama juu ya lundo la jike, kaukunja mdomo wa juu, kama mtu anayesoma.

Nikabaki na sepetu mkononi. Miaka miwili walikuwa wakiandikiana, na mimi nikifuta.

Nilimwendea Msimamizi nikamwambia malundo yale ya pembeni tusiyaoshe tena, na kila asubuhi nichukue mavi ya huyu nimpelekee yule kwa gari la mkono.

"Mkurugenzi akipita?"

"Mwambie uchafu ni wangu."

"Afrika ndivyo wanavyofanya?"

Uongo wa pili ulikuwa mdomoni, tayari. Nikaumeza. "Sijui Afrika wanafanyaje. Kabla ya hawa sijapata kuona kifaru."

Akasugua buti moja kwa nyengine. "Mimi nilitoka kwenye farasi wa gari la maziwa," akasema. "Haya. Lakini wakipigana tena, unaondoka siku hiyo hiyo. Hutangoja Ujerumani."

Wiki tatu nilisukuma gari lile huku wenzangu wakiniita tarishi. Siku jike alipopiga mluzi tukafungua lango, mipira ya maji mikononi. Walisogeleana pua kwa pua. Dume akasukuma kidogo, jike akasukuma kidogo. Kisha akampanda, karibu saa nzima, na sisi tumesimama na mipira yetu kama wajinga.

Jike hakwenda Ujerumani. Kifaru hubeba mimba kama miezi kumi na mitano, na asubuhi moja nilipofungua nikamkuta mtoto ameshasimama, hana pembe, anatafuta ziwa la mama yake. Mkurugenzi alimuuliza Msimamizi siri ni nini. "Muulize huyu," akajibu. "Alikuwa hajapata kuona kifaru."

Jike yule alizaa wanne. Nilifanya kazi chini ya wasimamizi watatu, na mambo yakabadilika: siku hizi bustani za Ulaya zina daftari moja la nasaba linalosema nani aende kwa nani, na vijana wanaingia kazini na digrii. Vizuri. Sisemi hakuna mwengine aliyeliona nililoliona. Nasema mimi nililiona kwa sepetu, na baada ya kukosea sana.

Nilipostaafu nilikaa muda sijarudi. Juzi nikapanda basi nikaenda kutazama. Msichana mtunzaji aliniona nimesimama, nalikodolea macho lundo pembeni, akanijia kwa adabu. Akaniambia nisishangae, si uvivu, wanaliacha makusudi, limeandikwa katika kitabu chao cha kazi.

Nikamwambia, "Mwanangu, lundo hilo langu."

Akatabasamu, akanishika mkono, akaniuliza kama nimekuja na mtu wa kunirudisha nyumbani. Ndipo nilipotafuta karatasi niyaandike haya.