Ngazi Aingia Chumba cha Wachanga

Watoto ndio waliompa jina la Ngazi. Alikuwa mrefu hivi kwamba kila asubuhi mlango wa darasa la chekechea ulimlazimisha kuinama, na watoto waligundua mapema kwamba mtu wa namna hiyo anapandika. Mmoja alikaa begani, mwingine akaning'inia mkononi, na wa tatu akakumbatia mguu huku akilalamika kwamba zamu yake imeliwa. Wazazi nao wakalidaka hilo jina, walimu wenzake wakalizoea, na hata mkewe, siku akiwa na furaha, alimwita Ngazi. Siku akiwa hana furaha alimwita Baba Pacha, kwa sababu walikuwa wamejaliwa wasichana wawili kwa mpigo.

Katika shule ile ya awali mwanamume alikuwa yeye peke yake. Wenzake wa mtaani walimtania sana mwanzoni. Walimwuliza kama kazi za kiume zimekwisha duniani.

"Njooni mkae nao mpaka saa ya uji tu," aliwaambia, "halafu tutazungumza."

Hakuna aliyethubutu. Miaka ikapita, na wale wale waliomcheka wakawa wanampelekea watoto wao wakiwashika mkono. Stashahada yake ya malezi na elimu ya awali aliipata kwa kusoma jioni baada ya kushinda na watoto mchana kutwa, na aliionea fahari kama mtu mwingine anavyoonea fahari nyumba ya ghorofa.

Kisha mkewe, ambaye alikuwa muuguzi, akapata kazi ng'ambo.

"Wewe tangulia," Ngazi alimwambia. "Mimi na watoto tutafuata."

"Utafuata, sawa. Ukifika huko utafanya nini?"

"Kazi yangu. Watoto ni watoto popote."

"Watoto ndiyo. Na ofisi je?"

Mke alijua anachosema. Vyeti vyake vya uuguzi vilimzungusha mpaka akataka kuvila. Lakini Ngazi alikuwa na moyo wa kuamini, akafunga mizigo, akawashika pacha wake, akaenda.

Kazi aliyoipata kwanza ilikuwa katika kituo cha kulelea watoto kilichokuwa jirani na nyumba waliyopanga, ila aliipata jikoni. Aliosha vikombe vidogo vyenye masikio mawili, alikata matunda vipande visivyoweza kumkaba mtoto, alifuta meza zilizomfikia magotini. Dirisha la jikoni lilitazama uwanja wa kuchezea. Ikawa anasuuza kikombe kimoja kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, macho yakiwa nje.

Mkuu wa kituo, mama mwenye kicheko kilichosikika mpaka kwenye ngazi za nje, alimwona.

"Umewahi kufanya kazi na watoto?" alimwuliza.

"Ndiyo kazi yangu hasa."

"Sasa jikoni kwangu unatafuta nini?"

"Nasubiri vyeti vyangu viaminiwe."

Mama akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamwambia kwamba upungufu wa walezi wenye sifa ni mkubwa, na kwamba siku ofisi ya kutambua vyeti itakapomkubali, aje kwanza kwake kabla hajaenda kwa mtu mwingine yeyote.

Ofisi hiyo haikumkataa. Ilitaka jambo moja: chuo chake kithibitishe, kwa mhuri, masomo gani aliyasoma na alifanya mazoezi ya darasani kwa saa ngapi. Jambo dogo, kwa kusikia. Lakini chuo kile cha jioni kilikuwa kimeshaunganishwa na chuo kikubwa, majengo yakahamwa, na simu ya msajili ililia tu bila mtu kuishika. Barua pepe zake zilikwenda, zikanyamaza huko huko.

Hapo ndipo dada yake mkubwa, aliyebaki kule nyumbani, alipoingia. Dada huyu alikuwa fundi cherehani, mwanamke asiyevunjwa moyo na kuambiwa arudi kesho. Alipopigiwa simu na kuelezwa, alisema kwa kifupi, "Mdogo wangu, hilo niachie."

Alikwenda ofisi ya msajili katika chuo kile kikubwa, akaambiwa arudi kesho. Akarudi, akaambiwa vilevile. Safari iliyofuata alibeba mfuko mkubwa wa mashati ya shule yasiyo na vifungo, akakaa kwenye benchi la mapokezi, akatoa sindano na uzi, akaanza kushona.

"Mama, unafanya nini hapa?" karani alimwuliza.

"Nasubiri. Nikisubiri mikono mitupu, kichwa kinaniuma."

Akashona. Wanafunzi waliopita walidhani chuo kimefungua duka la ushonaji, na mmoja akamletea koti lenye mfuko uliochanika. Akalishona nalo. Mwingine akaleta suruali. Foleni ilipoanza kujipanga, msajili mwenyewe alitoka ofisini kuuliza kulikoni, akaelezwa, akacheka mpaka akashika mlango. Kisha akachukua funguo, akaenda stoo ya majalada ya zamani na karani wake, wakarudi wamejaa vumbi na jalada mkononi.

Jioni simu ya Ngazi iliita. "Mdogo wangu!" dada alipiga kelele. "Wamegonga mhuri mpaka meza ikatikisika!"

Jibu la ofisi ya kutambua vyeti lilipotoka lilikuwa zuri nusu. Kwa watoto wa miaka mitatu kwenda juu, stashahada yake ilikubaliwa yote kama ilivyo. Lakini leseni ya ulezi katika nchi ile ilihesabu pia watoto wachanga, na mafunzo ya Ngazi hayakuwa yamewagusa. Ilimbidi afanye kazi katika chumba cha wachanga chini ya msimamizi, kisha mtathmini aje amwangalie akiwa kazini, akizungumza lugha ya pale.

Ngazi alivimba. "Wachanga? Mimi nimelea pacha!"

"Umelea, nani kakataa," mkewe alisema, akikunja sare yake ya hospitali. "Ila nakumbuka kuna mtu alimfunga mmoja nepi mbili na mwingine hakumfunga kabisa."

Pacha wakaangua kicheko, wakataka kujua ni nani kati yao alikosa nepi. Ngazi mwenyewe akacheka, na uvimbe ukapungua. Kesho yake akamwendea mkuu wa kituo akamweleza, na mama yule hakumwacha amalize. "Vua hiyo aproni," alimwambia.

Chumba cha wachanga kilikuwa na zulia laini, vitanda vidogo vyenye vizuizi, harufu ya maziwa ya uvuguvugu, na mlezi mmoja mfupi ambaye kituo kizima kilimwita Bosi Mdogo. Kwa umri angeweza kuwa mdogo wake Ngazi wa mwisho. Alimtazama kuanzia viatuni kwenda juu, safari ndefu kidogo, akasema, "Kaa chini."

"Wapi?"

"Sakafuni. Mtoto wa miezi minane hawezi kuzoeana na mtu anayeishi darini."

Ngazi akakaa. Watoto walimwona, wakalia wote kwa pamoja, na Bosi Mdogo hakuonekana kushtuka. Alimwambia asimfuate yeyote, asimwite yeyote, ashike tu mpira wa kitambaa na kusubiri. Alisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Siku zikaenda hivyo, na mtoto mmoja mwenye meno mawili tu akatambaa mpaka kwenye goti lake, akalishika, akajivuta, akasimama kwa mara ya kwanza maishani mwake. Chumba kizima kilimwona. Ngazi aligeuza uso pembeni, na Bosi Mdogo akamsogezea boksi la tishu.

Alijifunza mengi pale sakafuni. Alijifunza kilio cha njaa na kilio cha usingizi, jinsi ya kuonja joto la maziwa kwenye kifundo cha mkono, jinsi ya kubadilisha nepi mkono mmoja ukiwa haumwachi mtoto. Aliyempa somo alikuwa binti mdogo kwake, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Alikuwa na furaha ya mwanafunzi.

Siku ya mtathmini ikafika. Alikuwa mwanamke mpole, akakaa pembeni na karatasi zake. Ngazi alifanya kila kitu sawasawa. Alilisha, alicheulisha, alibadilisha, alibembeleza. Ila kwa woga wa kukosea lugha mbele ya mgeni, hakutamka hata neno.

"Mikono yako imefaulu," mtathmini alimwambia mwishoni, kwa upole ule ule. "Mdomo wako haukuja kazini. Watoto hawa wanajifunza kusema kwa kukusikia wewe. Nitarudi."

Aliporudi nyumbani hakula. Mkewe alimwacha kidogo, kisha akamwita jikoni.

"Baba Pacha, kata kitunguu."

"Sina raha ya vitunguu leo."

"Kata, na uniambie unachofanya. Kwa lugha yao."

Akaanza kwa kigugumizi. Sasa nashika kisu. Sasa namenya kitunguu. Kitunguu kinanitoa machozi. Mke alicheka, akamwambia aendelee. Tangu jioni ile hakukuwa na kimya katika nyumba. Alitangaza kufua, alitangaza kupiga pasi, alitangaza kutafuta soksi iliyopotea chini ya kiti. Alikosea, akajirekebisha, akakosea tena. Pacha walianza kumwomba apumzike ili wasikie katuni.

"Niliolewa na mwalimu," mkewe alimwambia daktari mmoja kazini, "sasa naishi na redio."

Kituoni alifanya hivyo hivyo. Alimweleza kila mtoto kila jambo: mkono huu unaingia kwenye shati, mkono mwingine uko wapi, huu hapa! Watoto walimkazia macho. Yule wa meno mawili, ambaye sasa alikuwa na manne, alianza kumjibu kwa lugha yake mwenyewe, ndefu, yenye hoja nzito. Hata Bosi Mdogo alijikuta akicheka peke yake kwenye kabati la nepi.

Mtathmini aliporudi, mambo yalikuwa yamechafuka. Asubuhi ile ile kulikuwa na mtoto mpya, siku yake ya kwanza, na mama yake ndiyo kwanza ametoka mlangoni. Kilio kilipasua paa. Wengine wakakiitikia. Bosi Mdogo alikuwa na mtoto kila mkono, akamtazama Ngazi kwa macho yaliyosema: ni wewe.

Ngazi akashuka sakafuni, karibu na mtoto mpya lakini si karibu mno, akaanza kuongea.

"Unalia. Nimekusikia. Mama ametoka, na umemwona akitoka, na hukupenda. Mama atarudi. Mimi niko hapa, ni mrefu, najua, ila sasa nimekuwa mfupi. Huu ni mpira. Una rangi ya bluu. Unataka kuushika? Hutaki. Basi nitaushika mimi."

Akakosea neno moja katikati, akalirekebisha kwa sauti, akaendelea bila kugeuka kumwangalia mtathmini, kwa sababu alikuwa amemsahau. Sauti yake ilikuwa nzito na tulivu, na haikukatika. Kilio kikawa kwikwi, kwikwi ikawa pumzi. Mtoto akanyoosha mkono, lakini hakuugusa mpira. Alishika kidole cha Ngazi, akakishikilia.

Mtathmini alifunga karatasi zake. "Ningependa kukaa zaidi," alisema, "lakini sina cha kukagua tena."

Leseni ilipofika, ilisomeka kwa maneno makavu ya kiofisi: mlezi na mwalimu kamili, tangu kuzaliwa hadi umri wa kuanza shule. Ngazi aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, kisha akawapa pacha waisome kwa sauti kwa kupokezana. Mkewe alitoka zamu, akaikuta mezani, akapiga kigelegele kilichomtoa jirani wa chini nje na taulo kichwani. Jirani alipoelezwa, akapanda juu na taulo lake, akajiunga nao.

Mkuu wa kituo alitaka kumkabidhi darasa la watoto wakubwa. Ngazi alishukuru, akaomba jambo ambalo mama yule hakulitarajia: abaki na wachanga.

"Una uhakika?" mama aliuliza. "Huko ndiko kulikokutesa."

"Huko ndiko nilikofunzwa kazi upya," Ngazi alisema. "Nataka kuifanya."

Bosi Mdogo, aliyekuwa akisikiliza mlangoni na chupa mkononi, hakungoja mkuu ajibu. "Basi njoo upesi," alisema. "Wawili wameshaamka."

Ngazi akavua viatu, akainama mlangoni, akaingia.