Safu ya Mwalimu

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amechoka kusahihisha insha zilizoandikwa shingo upande. Wanafunzi wake waliandika mistari michache, wakafunga madaftari, wakaanza kusinzia. Basi shule ilipopata kompyuta mbili kuukuu na printa, akawaambia, "Safari hii hakuna insha. Tunatoa gazeti."

Darasa likachangamka. Wakagombania vichwa vya habari, wakapanga safu na picha kwenye skrini hadi kengele ya kwenda nyumbani ikawakuta bado wamekaa. Hata binti wa fundi cherehani, ambaye kumtoa neno ilikuwa kazi, aliandika habari ya baba yake, ambaye macho yameanza kumtupa mkono na sasa anatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa.

Tatizo ni kwamba habari yake ilifurika nje ya ukurasa.

"Ipunguze kidogo, mwanangu," mwalimu akamwambia.

"Nikate wapi, Mwalimu? Yote ni baba."

Wenzake wakaguna. Mwalimu akatazama skrini. Chini ya ukurasa huohuo palikuwa na safu yake mwenyewe, nasaha kwa vijana, aliyoitunga siku nzima na kuionea fahari. Ilimuuma kweli. Akashika kipanya, akaifuta yote.

"Haya, mshushe baba yako hapo."

Gazeti lilipotoka, binti alimsomea baba yake ukurasa ule, akaurudia tena. Alipomaliza, fundi akanyoosha mkono.

"Nipe niushike," akasema.