Barua ya Nyumba ya Bibi

Chokaa ya zamani ikilowa mvua hutoa harufu ya udongo mbichi na majivu. Masika ile nikiwa darasa la tano, harufu hiyo ilijaa nyumba yetu ya Mtaa wa Mikuyu kuanzia ukumbini hadi uani, ikaingia kwenye mashuka na hata kwenye wali. Mawingu yalishuka kutoka Uluguru asubuhi, yakakaa juu ya mabati yetu yenye kutu, na yalipofunguka mvua ilinyesha mpaka jioni. Watu wa mjini walifurahi kwamba mwaka ule mboga zingekuwa nyingi. Sisi tulikuwa tukitazama ukuta.

Nyumba ilikuwa ya Bibi, mama yake mama yangu. Alirithi kutoka kwa mama yake, ambaye naye aliirithi kwa mama yake, kwa maana kwetu Waluguru mali ya namna hiyo hufuata tumbo la mama. Ilijengwa kwa mawe na chokaa, kuta nene kiasi kwamba nilikuwa nakaa dirishani nimekunja miguu, na juu ya mlango wa mbele palikuwa na ubao ulionakshiwa maua ambayo hakuna aliyejua majina yake. Baba alifariki nikiwa mdogo. Tulibaki wanawake watatu: Bibi, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu na alishinda kitandani kwenye chumba cha nyuma, Mama, aliyeuza kabichi na njegere sokoni, na mimi.

Kiangazi kilichotangulia, kamati iliyoundwa kulinda nyumba kongwe za mtaa ilikuja kupigilia kibao cha bati ukutani kwetu. Jirani mmoja alikuwa amebomoa baraza lake la zamani na kuweka fremu za maduka, na kamati ilitaka hilo lisitokee tena. Bibi aliomba abebwe mpaka nje akione kibao. Nilimsomea kwamba nyumba hii ni urithi wa mji na hairuhusiwi kubadilishwa bila kibali. Alinishika mkono akasema, "Umeona, mjukuu wangu? Serikali imeijua nyumba yetu. Wewe ndiye utakayeishika baada ya mama yako." Siku nzima alikuwa na furaha, akimsimulia kila aliyekuja kumjulia hali.

Ufa ulianza wiki ya pili ya mvua, kwenye ukuta wa nyuma, juu ya kitanda cha Bibi. Mwanzoni ulikuwa mwembamba kama uzi. Baada ya siku chache kidole changu kidogo kiliingia. Mama alimwita Fundi Selemani, mzee aliyejua kazi ya chokaa, naye akagonga ukuta kwa kiganja, akasikiliza, akasema uegemezwe kwa magogo upesi kabla haujalala. Lakini alipokiona kile kibao akarudisha mikono mfukoni. "Nileteeni kibali kwanza, dada," alimwambia Mama. "Mwenzangu aliziba dirisha nyumba ya pili, wakamchukulia vifaa vyake vyote."

Mama akaenda ofisi ya kamati. Karani alimwandika jina kwenye daftari, akamwambia mtaalamu amesafiri, asiguse kitu mpaka arudi. Akaenda tena, akaenda mara ya tatu na kabichi zake kichwani kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Mara ya nne alirudi na barua. Mama alisoma mpaka darasa la nne tu, na barua za ofisi zilimtisha. Kila karatasi yenye mhuri ilikuwa kazi yangu. Nilikaa kwenye kigoda, naye amesimama mbele yangu na kanga yake inachuruzika maji, nikamsomea kwa sauti ya darasani. Ilisema ombi limepokelewa, linasubiri ukaguzi, na ni marufuku kufanya ukarabati wowote kabla ya ukaguzi huo. Chini yake palikuwa na maandishi madogo, vifungu na namba, maneno marefu niliyokuwa sijawahi kuyaona. Nje wenzangu walikuwa wananiita tukacheze rede, maana mvua ilikuwa imekatika kidogo.

"Na huku chini wameandika nini?" Mama aliuliza.

"Ni mambo yao ya ofisi tu, Mama," nikajibu. Nikaikunja, nikampa, nikatoka mbio.

Mama alitaka kumhamishia Bibi chumba cha mbele, lakini huko bati lilikuwa limetoboka na maji yalitiririka mpaka kwenye godoro. Akasogeza kitanda hatua mbili kutoka ukutani. Chumba hakikuwa na nafasi zaidi ya hiyo.

Ukuta ulianguka siku ya Alhamisi mchana. Mama alikuwa sokoni. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka shule, namenya viazi uani, na nilisikia kwanza kama mtu anamwaga kokoto taratibu, kisha ardhi ikatikisika na vumbi likatoka dirishani ingawa kila kitu kilikuwa kimelowa. Niliita Bibi. Aliniitikia, na hilo ndilo nisilolisahau: aliitikia kwa sauti ya kawaida, "Abee, mwanangu," kama alivyoniitikia kila siku. Majirani walichimba kwa mikono na majembe. Walimtoa akiwa hai, nyonga imevunjika, nywele nyeupe kwa chokaa. Alikaa hospitali wiki mbili. Kila nilipompa shikamoo aliitikia marahaba, kisha akauliza kama nyumba imezibwa, na Mama alimjibu kwamba fundi yuko kazini. Alifariki mvua zikiwa bado hazijaisha.

Siku ya tatu ya msiba, mtaalamu alifika. Alikuwa mtu mpole, alivua viatu mlangoni. Alipima kilichobaki, akaandika kwamba nyumba imepoteza hadhi yake na inaweza kubomolewa. Kisha akaomba kuiona barua. Mama alikuwa ndani na waombolezaji, nikaileta mimi. Aliipitia mpaka chini, halafu akanionyesha kwa kalamu. "Hapa mliruhusiwa kuegemeza ukuta kwa magogo bila kungoja ukaguzi, ikiwa kuna hatari. Hamkusoma?" Alitazama sare yangu ya shule, nadhani akaelewa, kwa sababu alinirudishia barua na hakumwambia Mama lolote.

Leo mahali pale pana ghala la vigae. Nyumba kongwe zilizobaki mtaani hazifiki kumi, na vibao vyake vimepauka. Nasikia taratibu zimelegezwa, kwamba dharura hushughulikiwa haraka. Sijui. Nimeona barua moja ya jirani yetu wa zamani mwaka huu, na maandishi ya chini ni madogo vilevile. Niliisoma yote mara tatu, nikamweleza kila neno, mpaka akaniuliza kwa nini nairudia. Mimi sasa ni mwalimu, nina nyumba ya tofali za saruji karibu na Kilakala, na hakuna anayenipangia rangi wala mlango. Binti sina, kwa hiyo hata ile nyumba ingesimama ingeishia kwangu.

Mama anaishi nami. Macho yamefifia na hatoki sana. Mvua ikinyesha husema maneno yale yale: "Ningeweka magogo tu, liwalo na liwe. Nilimwogopa karani, nikamuua mama yangu." Mara nyingi nimefungua kinywa kumwambia. Wiki iliyopita nilifika mpaka kusema, "Mama, ile barua." Akageuza uso kuelekea sauti yangu. "Wewe ulinisomea vizuri, mwanangu," akasema. "Wewe huna kosa." Nikanyanyuka nikamtengenezea chai.