Milango Sita ya Ghorofa ya Tisa

Katika Jengo la Kestrel, pale Oldham, Uingereza, watu waliomba radhi hata walipokanyagwa wao. Nimeishi nao miaka ishirini na sita, ghorofa ya tisa, mlango wa tatu kutoka kwa Bi Winifred Clegg, na katika miaka yote hiyo ni nadra sana kumsikia mtu akipeleka malalamiko kwa mhusika. Walilalamikiana wao kwa wao ndani ya lifti, kwa sauti ya chini, kisha wakamalizia kwa kauli ile ile: hatupendi kusumbua.

Bi Winifred alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na miwili. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na aliangalia nyumba za wengine kama alivyokuwa akiangalia sahani za watoto, kuona nani hajala. Mumewe Arnold, fundi wa mitambo ya kufuma pamba, alimwachia kisanduku cha zana, na mjane huyo alizitumia vizuri kuliko alivyozitumia marehemu. Wakazi walimchagua kuwa mjumbe wao, na hakuna aliyefikiria kushindana naye.

Ghorofa yetu ina milango sita. Juu ya kila mlango pana mkono wa chuma unaouvuta ujifunge wenyewe, ili moto ukizuka ndani ubaki ndani. Milango hiyo ni mizito, na siku zile ilijifunga kwa kishindo. Majira ya baridi mwaka ule, jirani yetu Bwana Harold Tonge, aliyeingia kiwandani akiwa na miaka kumi na mitano na kutoka na vumbi la pamba mapafuni, alikuwa akipata usingizi mchana tu, tena kitini. Bi Winifred alimsikia akikohoa kupitia ukutani kila mlango ulipobamizika. Mzee mwenyewe hakutamka neno.

Basi Bi Winifred akachukua bisibisi ya marehemu mumewe, akapita mlango hadi mlango, akafungua ile mikono yote sita na kuitia katika kopo la biskuti. Sote tulimshukuru, mimi nilimkaribisha chai. Kwa miezi mitatu ghorofa ya tisa ilikuwa na utulivu wa kanisa siku ya Jumatatu.

Jumanne moja ya mwezi Machi, saa saba mchana, Derek Lumb wa mlango wa tano, dereva wa lori aliyestaafu, aliteleka sufuria ya mafuta akaange viazi. Simu ikalia sebuleni. Aliporudi jikoni mafuta yalikuwa yanawaka. Alitoka mbio kama ambavyo ningetoka mimi, bila kugeuka nyuma, na mlango wake ukabaki wazi. Moshi ulimwagika ukumbini, ukajaa kutoka darini hadi usawa wa magoti, ukaingia hadi kwa Bwana Tonge aliyelala kitini. Wazimamoto walimteremsha Bwana Tonge ghorofa zote tisa akiwa amefungwa blanketi, uso wake una rangi ya majivu, na hospitali ikamlaza.

Siku ya tatu alikuja meneja wa jengo, Bwana Graham Hoyle. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amezoea tu kuyafanya mambo yawe madogo. Alimweleza Bi Winifred kwamba sheria inamtaka meneja amwarifu msimamizi wa majengo marefu mara tu moto unapoenea kwa namna ya kuhatarisha watu, na kwamba taarifa kamili ya maandishi hutakiwa ndani ya siku kumi. Lakini hili, alisema, lilikuwa moshi wa sufuria moja. Kuhusu ule mkono uliokosekana kwa Derek, alikuwa na jibu tayari.

"Vyuma huchakaa, Bi Clegg. Jengo lina miaka hamsini. Nani atashangaa?"

"Hakikuchakaa. Nilikifungua mimi."

"Hilo sikulisikia."

"Basi nalirudia." Akaleta kopo la biskuti, akaliweka mezani na kulifunua. Bwana Hoyle alikuwa amekwisha kunyoosha mkono achukue biskuti, akaurudisha taratibu.

Alimkumbusha, kwa upole wa kweli, kwamba mkataba wake unasema anayeharibu mlango wa kuzuia moto aweza kuondolewa katika nyumba. Bi Winifred alikuwa ameishi humo miaka arobaini na mmoja. Arnold alifia katika chumba kile cha mbele. Alijibu kwamba kifungu hicho amekisoma jana yake, mara mbili.

Jioni ile sisi majirani tulikutana kwake. Shauri letu lilikuwa moja: tuseme wote kwamba mkono ulikuwa mbovu siku nyingi. Mimi nami niliafiki, na sijivunii.

"Utatupwa nje kwa ajili ya viazi vyangu, Winnie?" Derek alimwuliza.

"Viazi vyako, Derek, havikustahili hata moto." Tulicheka, kisha akatutazama mmoja mmoja. "Mlinishukuru nilipokosea. Nivumilieni basi ninapotengeneza."

Kesho yake alianza kupita ghorofa zote kumi na sita na daftari la shule mkononi. Hakumwuliza mtu nani aliyefungua nini. Aliuliza tu, mlango wako unajifunga wenyewe? Kisha akasimama kutazama. Ghorofa ya kumi na mbili mama mmoja alikuwa ameuondoa mkono kwa ajili ya mtoto mchanga. Ghorofa ya nne muuguzi wa zamu za usiku alikuwa ameondolewa wake na jirani mwema. Ghorofa mbili walikiri kwamba walituiga sisi, baada ya kusikia jinsi kwetu kulivyotulia. Nilikuwa naye aliposikia hilo. Aliketi kwenye ngazi, akauliza tena namba za ghorofa hizo, akaandika. Siku ya nane alikuwa ameikagua milango tisini na sita. Thelathini na mmoja haikujifunga.

Siku ya tisa alimpelekea Bwana Hoyle kurasa tatu za mwandiko wake wa duara. Alianza na jina lake na bisibisi, akaja kwenye moshi, akamalizia na orodha ya milango. Alimwambia kwamba zisipopelekwa kwa msimamizi siku ile atazipeleka mwenyewe, kwani mkazi naye ana haki hiyo. Meneja alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye hesabu aliketi.

"Thelathini na mmoja," alisema. "Ungeniambia tangu mwanzo."

"Sikuwa nimeihesabu."

Bwana Hoyle alizituma alasiri ile, jina lake likiwa chini ya la Bi Winifred.

Wakaguzi walikuja, na kabla ya Pasaka milango yote ilitiwa mikono mipya, inayofunga polepole bila kishindo. Fundi alituambia kwamba aina hiyo ipo miaka mingi, tungeomba, tungepewa. Hakuna aliyekuwa ameomba. Bi Winifred alipata barua ya onyo kali na kuvuliwa ujumbe wa wakazi. Nyumba hakunyang'anywa. Aliikunja barua ile na kuiweka ndani ya kopo, mahali ilipokuwa mikono.

Bwana Tonge alirudi mwezi Mei, na mtungi wa hewa pembeni ya kiti chake. Bi Winifred alikwenda siku hiyo hiyo kumkiria kosa lake, nami nikabeba keki. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Vishindo havikuniudhi, Winnie," alisema. "Ndivyo vilivyonijulisha kwamba mmerudi nyumbani. Kikohozi kilikuwa changu mwenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuona umehangaika sana. Sikupenda kukusumbua."

Bi Winifred alikuwa anatazama ukuta nyuma ya kiti cha mzee, mahali rangi ilipovimba na kuwa nyeusi chini ya dirisha. Akauliza dirisha lile linavujisha maji tangu lini.

"Tangu mwaka juzi. Lakini ni kidogo tu, sikutaka..."

"Harold," alisema, akilifungua lile daftari la shule kwenye ukurasa mpya, "nipe kalamu."