Ndege Nyekundu ya Zawadi

Juzi, nikimchagulia binti yangu ndege ya rimoti ya kujifunzia mwenyewe, nilichukua ya sponji yenye mabawa mapana, kwa kuwa huruka polepole na haivunjiki upesi. Nikamkumbuka mdogo wangu Zawadi.

Tulipokuwa watoto, mjomba alituletea ndege mbili kwetu Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Zawadi aliililia ile nyekundu, nyembamba, akapewa. Mimi nikabaki na ya sponji, nikidhani nyekundu ni ya mtoto anayependwa zaidi. Ufukweni, katika harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, walioanikwa, nilimwonea wivu.

Nyekundu ilipaa ikivuma, ikapinduka, ikazama ziwani. Yangu iliangukia ndagala, ikaruka tena.

“Acha kulia, mutoto wangu,” mama alimwambia Zawadi, akambeba mgongoni hadi nyumbani.

Nilifuata nyuma na ndege yangu nzima, nikimwonea wivu kuliko mwanzo.