Chupa Iliyofunga Mvua

Wiki iliyopita tulimzika mwalimu wa jiografia, kijijini kwao upande wa Namtumbo. Jina lake naliacha, wasomaji wangu, kwa heshima ya mjane wake. Hospitali walisema ni figo. Mimi najua figo zile zilianza kufa siku alipopigwa na wanakijiji wenzake, na hasira ya siku ile bado ninayo.

Kosa lake lilikuwa kipimamvua. Alikitengeneza mwenyewe kwa chupa na faneli, akakizungushia senyenge nyuma ya madarasa. Kila asubuhi alipima maji na wanafunzi wake, kisha akayamwaga. Mwaka huo mvua ilikatika mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanachanua. Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda zake. Nilikuwa mgeni nyumbani kwa mwalimu siku mzee jirani alipobisha hodi.

"Shikamoo, baba," mwalimu alimwamkia.

"Marahaba. Mwanangu, ifungue hiyo chupa. Mahindi yanakufa."

"Baba, chupa haifungi mvua. Inapokea tu ile inayonyesha."

"Sasa kama inapokea yenyewe, sisi tutapokea nini?"

Mwalimu akachukua kijiti, akachora mchangani jua, bahari, mvuke na wingu. Mzee akatazama kwa adabu, akaaga. Siku chache baadaye likaja kundi zima, likavunja chupa, kisha likamgeukia mwenye chupa. Kati yao alikuwemo mwanafunzi wake wa zamani, sasa mtu mzima mwenye mke na shamba la tumbaku. Huyo alikuwa bingwa wa somo lile, na mchoro wake wa mzunguko wa maji ulibandikwa darasani uwe mfano kwa wengine. Mwalimu alihamia mjini, mtaa wa Lizaboni, akitembea ameinama. Hakumshtaki mtu. "Ni watoto wangu wale," aliniambia.

Tunapenda kuwacheka wazee wasiosoma. Lakini yule mzee alikuja kuomba, tena mchana, kwa hodi. Rungu lilishikwa na waliosoma.

Jeneza lilipoteremshwa, mvua ikaanza, kubwa, ya kulowesha mpaka mifupa. Yule bingwa alikuwa kando yangu na koleo mkononi. Akajifuta uso, akaninong'oneza, karibu kwa furaha:

"Umeona, kaka? Ameiachia."

Nikaukumbuka mchoro wake ukutani. Alama alipewa zote. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama anauamini.