Pini ya Gurudumu la Kushoto

Fidélie Kabemba alirithi kazi ya gereji kwa baba yake. Mwaka 1993, migodi ya Kolwezi ikiwa imelala na watu wa asili ya Kasai wakifukuzwa mjini, alikuwa angali akihudumia Peugeot ya mashindano ya Henri, muuza spea na mwenye gereji, aliyependa kuikimbiza kwenye vumbi la njia ya Nzilo. Fidélie aliosha matope kwenye rotule, vile viungo vinavyoshika gurudumu na kuliacha lipinde, akasukuma grisi mpya mpaka ile chafu itoke pembeni ya mpira unaozifunika. Mwenzake Badibanga, mwenye asili ya Kasai, alikaza nati, kisha akatia pini za kuzizuia zisilegee.

Asubuhi moja Fidélie alitikisa gurudumu la kushoto, likacheza. Pini haikuwepo.

"Ni Badibanga," alinong'ona Mbayo, mlinzi wa gereji. "Batu ba Kasai banafukuzwa, njo maana anataka kutuachia kilio."

Neno lilimwingia Fidélie. Alitia pini mpya; baada ya siku chache nayo ikatoweka. Akaanza kufungia grisi kwa kufuli. Kila nati aliyokaza Badibanga, yeye aliipitia tena. Badibanga alimtazama tu, akanawa mikono. Siku iliyofuata hakuja. Nyumba yake ilikuwa imepigwa mawe, na familia yote ilikuwa stesheni ikingoja treni ya Kasai.

"Unaona? Amekimbia," Mbayo alisema.

Alisema kwa furaha mno, Fidélie akashuku, akatia pini ya tatu mbele ya macho ya wote. Mchana, wenzake walipokwenda kula, Fidélie alijificha ndani ya shimo chini ya gari. Viatu vikakaribia. Mkono wenye koleo ukapenya nyuma ya gurudumu, ukaanza kunyoosha pini ili kuichomoa. Akaudaka.

"Mbayo! Unatafuta kuua patron?"

"Niache, mama!" Mbayo aliuvuta mkono wake. "Nyumba ya Badibanga iko muzuri. Treni haijafika, angeweza kurudia; nilitaka patron amufukuze kabisa, mi niikamate nyumba kabla ya mwingine."

Henri alimfukuza Mbayo saa ile ile. Fidélie akaenda stesheni bila hata kuvua ovaroli. Watu walikuwa wamejaa kando ya reli, na masufuria, na vitanda vilivyofunguliwa vipande vipande. Alimkuta Badibanga akifunga godoro kwa kamba.

"Tata Badibanga, haikuwa weye. Ni Mbayo."

"Mi nilijua haikuwa mi."

"Rudia kazini. Patron anakuita."

"Kazini nitarudia. Na nyumbani, nani atanirudisha?" Alikaza fundo. "Batu ba kutupa mawe, sikubajua. Weye nilikujua, mama. Nilikuona unafunga grisi na kufuli."

Mke wa Badibanga alimvuta mtoto wake karibu, kana kwamba mgeni huyu naye amekuja kuchukua kitu.

Treni ikaingia, watu wakasukumana. Badibanga aliinua godoro, likamshinda. Akageuka.

"Shika huko," alisema.

Fidélie akashika.